Kofia ya Jino la Dada

Konibodom, 3 Machi 2006

Mdogo wangu Muzaffar,

Pokea salamu za nyumbani, zangu na za shangazi Oyhon wa jirani, ambaye sasa hivi amesimama mlangoni ananihimiza nimalize kuandika, maana Rahmonali mbeba barua wetu na treni yake hawangoji mtu. Hujambo? Kile kifua chako kimepona? Huko Saratov barafu imeanza kuyeyuka, au bado mnatembea kama mabata? Mimi sijambo. Mwili wote uko salama isipokuwa pahali pamoja, na ndipo paliponifanya nishike kalamu.

Jino langu la mbele limevunjika. La juu, upande wa kulia, lile lililopinda kidogo. Limekatika usawa wa ufizi, hata ulimi ukipita haupati kitu. Ni kokwa ya aprikoti. Usinicheke. Najua ulivyokuwa ukinikataza kuvunja kokwa kwa meno, na mama naye, Mungu amrehemu, alinikataza hivyo hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nimevunjika jino.

Kazini, kwenye uwanja wa kuanikia aprikoti, najifunga mtandio mpaka puani. Wenzangu wanasema Sanavbar ameingia dini upya. Nawaacha waseme. Nikirudi nyumbani naufungua, kwa kuwa humu hakuna wa kuniona.

Nimekwenda kwa daktari mpya, Zulaykho, binti wa yule mwalimu wa hesabu. Anasema mwingine angeling'oa, lakini mzizi wangu ni mzima na itakuwa dhambi kuutupa. Anataka kulirefusha jino. Nikamwambia, mwanangu, nina miaka arobaini na mbili, mume nilishamzika, kila changu kinapungua, wewe unataka kunirefusha jino? Akacheka. Akasema jino lenyewe halirefuki: atakata ufizi, apunguze na mfupa kidogo, shina lililojificha litokeze nje, ili kofia, yaani jino la bandia la kulivika, ipate pa kushika. Kisha tungoje miezi mitatu ufizi utulie, ndipo fundi atengeneze kofia.

Nikamwambia fundi ninaye. Mdogo wangu ni fundi wa meno, tena si wa kubahatisha, Warusi wanatafuna nyama kwa kazi ya mikono yake.

Sasa nakuomba, Muzaffar. Mwaka wa nane huu hujakanyaga hapa. Mwezi wa nane njoo uitengeneze kofia yangu mwenyewe, hapa hapa, ukinitazama usoni. Karakana ya mwalimu wako wa zamani wa ufundi bado ipo na mjane wake amesema atakufungulia. Shangazi Oyhon ananiambia nitie dhahabu kama watu wengine, niache maringo. Nimemjibu nangoja kauli ya ndugu yangu.

Dada yako,
Sanavbar


Saratov, 21 Machi 2006

Dada yangu mpenzi,

Heri ya Navruz! Leo mwaka unaanza huko kwetu na mimi niko hapa nakula supu ya kabichi. Hali yangu njema, kifua kimepona, kama mabata bado tunatembea. Je, mmepika sumalak, ule uji wetu wa ngano wa sikukuu? Nani alikoroga sufuria safari hii, au shangazi Oyhon alikalia kiti na kutoa amri tu kama kawaida yake?

Nimecheka, samahani, halafu nikasikitika. Jino hilo nalijua. Nilipokuwa mdogo ukinikasirikia nilikuwa naliona lile kabla ya kuuona mkono.

Huyo Zulaykho anajua kazi, mpe heshima yake. Kofia ikivikwa kwenye kisiki kifupi inachomoka siku ya kwanza ukiuma tufaha. Lazima zipatikane milimita mbili za jino zima kuzunguka pande zote, ndipo kofia ikae. Usiogope kisu. Utapigwa ganzi, utasikia tu anakwangua, kama mtu anayeparua sufuria chumba cha pili. Ila mkumbushe kitu kimoja: akikata ufizi wa jino moja tu, hilo litaonekana refu kuliko mwenzake, utacheka kama sungura. Amguse na jirani yake wa kushoto.

Dhahabu hapana. Mwambie shangazi kwamba dhahabu ni yake yeye na wenzake wa enzi ile, waliokuwa wakisagiwa meno mazima siku moja kabla ya harusi ili wang'ae mbele ya wakwe. Wewe nitakufanyia jeupe, la rangi yako mwenyewe, mtu asijue.

Kuhusu kuja, nitaomba likizo ya mwezi wa nane. Naahidi. Na mkate wangu je, bado uko ukutani? Nakumbuka mama alivyounyanyua mpaka mdomoni mwangu pale mlangoni siku ninaondoka, akasema uma, mwanangu, kilichobaki kitakungoja. Usiwaachie panya. Mwenye kuumaliza ni mimi.

Mdogo wako,
Muzaffar


Konibodom, 29 Aprili 2006

Mdogo wangu,

Salamu sana. Nakuandikia nikiwa bado nimevimba shavu moja kidogo, lakini mzima. Wewe je? Unakula? Rahmonali anasema umekonda, kisha anasema una friji kubwa kama kabati la nguo. Sielewi mtu anakondaje na friji kubwa.

Basi kisu kimepita. Nilikaa kwenye kiti dakika hamsini nikitazama dari, na doa lililo kwenye dari ya Zulaykho nalijua sasa kuliko uso wangu. Sauti ni kama ulivyosema. Alipokwangua mfupa nilishika mkono wa kiti, siyo kwa maumivu, ni ile kujua kwamba ni mimi ninayekwanguliwa. Nilimpa ujumbe wako. Akasema, "Kaka huyu anajua kazi, mbona hayuko hapa?" Nikasema anakuja mwezi wa nane. Akamkata na jirani wa kushoto, maskini, bila kosa lolote. Nyuzi nne. Siku ya kumi akazitoa.

Nilipofika nyumbani, ganzi bado haijaisha, nilipika chai nikajimwagia kidevuni. Nikageuka ili nicheke na mtu. Unajua tena. Nikafuta kidevu nikakaa.

Sasa kisiki kinaonekana. Kidogo, cheupe, kama punje ya mchele. Kila asubuhi naangalia kwenye kioo kama kimerudi ndani, na hakijarudi. Zulaykho anasema ufizi una tabia ya kutaka kupanda tena pale ulipokuwa, ndiyo maana hatuharakishi.

Mkate uko ukutani.

Miche ya nyanya nimepanda mingi kwa ajili yako. Nimetoa godoro lako nje lipigwe jua.

Dada yako,
Sanavbar


Saratov, 30 Juni 2006

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole ya shavu, najua limeshapona. Mimi mzima. Joto la huku mwaka huu linatukausha kama aprikoti zako. Nikikonda usimsikilize Rahmonali, huyo anaona watu kupitia dirisha la behewa, kila mtu kwake ni mwembamba.

Dada, nisikilize bila kununa. Likizo imekuwa ngumu. Wenzangu wawili wameondoka, mkuu wetu hataki kusikia habari ya ruhusa mpaka baridi, na wakati wa baridi unajua mwenyewe safari inavyokuwa. Usifikiri sijajaribu.

Lakini kofia yako siiachi. Siku hizi fundi halazimiki kumwona mtu. Miezi mitatu ikitimia, Zulaykho achukue chapa ya mdomo wako, juu na chini, amwagie plasta, ile chokaa inayoganda, na aandike namba ya rangi kutoka kwenye kile kijitabu cha rangi za meno, akitazama mchana dirishani, siyo chini ya taa. Umpe Rahmonali. Ufunge kwa pamba ndani ya kopo. Nitaitengeneza kama naitengenezea mboni ya jicho langu.

Kawia ufike, dada. Nitakuja tu.

Mdogo wako,
Muzaffar


Konibodom, 5 Agosti 2006

Muzaffar,

Natumaini hujambo. Sijambo.

Katika kopo hili mna meno yangu ya plasta, juu na chini. Nimeyazungushia pamba, na juu ya pamba nimejaza aprikoti kavu, zile bila kokwa, ule. Rangi ameandika Zulaykho kwenye karatasi. Nitakuambia ukweli: nilimwomba aandike pia kwamba chapa peke yake haitoshi, kwamba fundi lazima auone mdomo wenyewe. Akasema, "Shangazi Sanavbar, chapa imetoka safi, nitaandikaje uongo?" Nikaona aibu mbele ya mtoto wa kumzaa.

Godoro nimelirudisha ndani. Nyanya nimewagawia watu.

Sasa nina la kukuambia, na nimeliandika mara tatu nikalichana. Haikuwa kokwa.

Unajua kwamba kila Ijumaa naushusha mkate wako ukutani naufuta vumbi. Mama alikuwa akifanya hivyo, nami nikaurithi. Mwezi wa pili, siku ile ya theluji kubwa, Rahmonali alileta salamu zako kwamba Navruz hii tena huji. Akaongeza ya kwake, unamjua mdomo wake: "Ndugu yako kanunua friji. Mwanamume akinunua friji ugenini, dada, huyo kashafika." Nikamshukuru, nikafunga mlango, na ilikuwa Ijumaa, nikaushusha mkate.

Nikaushika. Una alama ya meno yako pale ukingoni, meno ya kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nikatazama alama ile, na hasira ikanipanda ambayo sijawahi kuijua. Nilikuwa na hasira na wewe, na mama kwa kufa, na mkate wenyewe kwa kutundikwa pale kama mtu anayeahidi. Nikauma. Pale pale ulipouma wewe. Nilitaka uishe. Nilisema moyoni, hakuna anayekuja, acha nile nimalize.

Miaka minane, Muzaffar. Ni jiwe. Nilisikia jino likilia ta! kichwani, na damu ikadondoka kwenye mkate.

Mkate wa msafiri hauguswi na kinywa kingine, njia yake ya kurudi isije ikafungika. Sihitaji kukufundisha. Ndio mkate wa mwisho wa mama kuoka kwa ajili yako, na mimi ndiye niliyeutia damu. Niliurudisha ukutani nikaugeuza upande wa pili ili shangazi Oyhon asione. Tangu siku hiyo sipati amani. Wewe ukiandika likizo ni ngumu, mimi najua kwa nini imekuwa ngumu. Nimekufungia njia kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndiyo maana niling'ang'ania uje kwa ajili ya jino, nilidhani ukija utakuwa umenisamehe na njia itakuwa imefunguka.

Nichukie kama unataka, lakini nijibu.

Sanavbar, dada yako


Konibodom, 10 Septemba 2006

Mdogo wangu,

Rahmonali amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema kopo alikupa mkononi. U mzima? Hilo tu nataka kujua. Sitaki kofia. Niandikie neno moja, mzima.

Dada


Saratov, 14 Oktoba 2006

Dada Sanavbar,

Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kimya. Sikuwa nimekasirika, hata dakika moja. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Kofia hii hapa, kwenye kisanduku cha pete. Usicheke kisanduku, nimekosa kingine. Meno yako ya plasta yamekaa mezani kwangu wiki tisa. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nayakuta yananitazama. Mara nyingine nimeyasalimia. Nyumbani kwangu, dada, ni mimi na hilo friji, na ndani ya friji mna mayai na haradali.

Nimeitengeneza mara nne. Ya kwanza ilikuwa imenyooka sana, jino zuri, lakini la mtu mwingine. Kwenye plasta kisiki hakinionyeshi jino lilivyopinda, kwa hiyo nimelipinda kwa kukumbuka. Zulaykho akisema limeenda upande, mwambie aliache.

Sasa habari ya mkate. Hukufunga njia yoyote. Nitakuambia aliyeifunga.

Mama alipofariki, nilikuambieni kwamba habari ilinifikia siku ya tatu na treni ilikuwa imeshapita. Si kweli. Habari niliipata siku ile ile. Tikiti nilikata. Nilifika stesheni na mkoba, treni ikaja, ikasimama dakika ishirini na tano, nikakaa kwenye benchi. Sikuweza kunyanyuka. Niliwaza nikiingia mlangoni nitauona ule mkate ukutani, na aliyeushika mpaka mdomoni mwangu hayupo, na nitatakiwa kuumaliza mbele ya watu. Treni ikaondoka. Nikarudi kazini nikasema nimechelewa. Kila mwaka naomba likizo, dada, na nikipewa naikataa mwenyewe. Mkuu hajawahi kuninyima. Ni mtu mwema.

Basi usijilaumu kwa lile jino. Mimi ndiye niliyestahili kuvunjika.

Sijui niandike nini tena. Simenti ikishakaa usiume kitu kigumu kwa siku moja. Baada ya hapo uma utakacho.

Muzaffar


Konibodom, 9 Novemba 2006

Mdogo wangu Muzaffar,

Nakusalimu kwa mdomo mzima. Theluji ya kwanza imeanguka juzi. Shangazi Oyhon anaumwa magoti lakini ulimi wake haujambo, anakusalimu. Nami niko salama.

Nitakusimulia ya kofia kwanza, maana fundi anapenda kusikia. Nilipokuwa njiani kwenda kwa Zulaykho nilikuwa naomba. Niliomba isiingie. Naam, nakuambia bila kuficha. Niliomba ibane, au ipwaye, au ufizi uwe umepanda ukaila nafasi, ili Zulaykho aseme haiwezekani, fundi aje mwenyewe. Akaifungua, akaiweka kwa vidole viwili, bila simenti, kujaribu tu. Ikaingia. Ikakaa kama imezaliwa pale. Akaniambia niume karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogusana, akatazama, hakukuwa na hata nukta ya kupunguza. Akapiga makofi, Muzaffar. Daktari mzima kapiga makofi! Na mimi machozi yakanitoka, akadhani nimeumia, akaanza kuniomba radhi.

Halafu akanipa kioo. Limepinda. Limepinda vile vile, na nilikuwa nimeshasahau kwamba linapinda kwa ndani zaidi chini kuliko juu. Wewe umelikumbuka. Zulaykho akasema, "Huyu aliona wapi?" Nikasema alikuwa akiliona nikimgombeza.

Sasa lile la benchi. Najua. Nimejua miaka sita, tangu msiba wa mama.

Rahmonali ndiye aliyekuwa kwenye behewa siku hiyo. Alikuona umekaa na mkoba katikati ya miguu. Akakupungia mkono, ukatazama viatu vyako. Alipofika huku alinikuta bado nina watu wa msiba uani, akanivuta pembeni akaniambia. Ndiyo siku pekee nilimwona Rahmonali akinong'ona. Nilimwapisha asimwambie mtu, na kwa mara moja maishani mwake ameweza kunyamaza. Nilinyamaza na mimi. Nilifikiri nikikuambia najua, utaona haya zaidi, na haya ikizidi hutarudi kabisa. Kumbe miaka yote sita wewe unanificha mimi, mimi nakuficha wewe, kila mtu kwenye kiti chake, na treni inapita katikati ikibeba salamu.

Sina hasira nawe. Nilikuwa nayo, mimi si malaika. Nimeimalizia kwenye ule mkate. Siku niliporudi na kofia mdomoni niliushusha, nikauvunja kwa nyundo, nikawamwagia ndege wa uani, damu yangu na meno yako, vyote. Shangazi Oyhon alipiga kelele juu ya ukuta kwamba nimepata wazimu. Nilimwonyesha jino, akasahau kelele zake, akasema si baya, lakini dhahabu ingependeza zaidi.

Ukuta uko mtupu sasa. Ukiingia hapatakuwa na kitu cha kukutazama, wala kitu cha kumaliza mbele ya watu. Hata watu hawapo, Muzaffar. Nipo mimi. Nakula saa saba, nakula saa moja, na kwenye meza upande wako naweka magazeti ili isionekane wazi.

Miezi yote hii nilikuwa nakuita kwa jino. Jino limepona, tena umelitengeneza vizuri mno, umejiondolea sababu mwenyewe. Sitakuandikia tena kwamba paa linavuja au kwamba naumwa. Paa halivuji na siumwi. Kama utakuja, hutakuja kutengeneza kitu, kwa sababu humu ndani hakuna tena kilichovunjika cha kukuitia. Nimebaki mimi tu, mzima, nakuita.

Dada yako,
Sanavbar